Arduino Uno na baiti 2,048: kioo, memori kadi na sensa vikae pamoja

Anayetengeneza mashine ya kutotolesha vifaranga kwa kawaida anataka mambo matatu kutoka kwa Uno, bodi ndogo ya kompyuta: ionyeshe joto kwenye kioo kidogo, iandike vipimo kwenye memori kadi, na iwashe taa kwa rilei joto likishuka chini ya nyuzi 37.5. Kila kimoja ukikijaribu peke yake kinafanya kazi. Ukiviunganisha, kioo kinabaki cheusi, na lawama zote zinaenda kwa nyaya au kwa sensa ya bei rahisi. Mara nyingi nyaya hazina kosa. RAM, memori ambayo programu hutumia ikiwa inakimbia, imeisha.

Piga hesabu. Chipu ya ATmega328P ina KB 32 za flashi, inakokaa programu, na KB 2 tu za RAM, yaani baiti 2,048. Kioo cha OLED cha SSD1306 chenye nukta 128 kwa 64 kinadai baiti 1,024 za kuchorea picha nzima kabla ya kuirusha. Maktaba ya SD (kodi iliyoandikwa tayari ya kuendesha memori kadi) inashika 512. Serial, inayoongea na kompyuta, ina bafa (nafasi za kushikia data kwa muda) mbili za baiti 64, na Wire, inayobeba I2C, yaani mawasiliano ya nyaya mbili na kioo, ina tano za baiti 32. Jumla ni 1,824. Zinabaki 224, na humo ndimo viingie vigeu vyako, maandishi yako na staki, nafasi ya muda ya fanksheni zinazoendelea.

Kibaya zaidi, kompaila, inayogeuza kodi yako kuwa programu, haikwambii. Zile 1,024 maktaba ya Adafruit huziomba programu ikiwa tayari inakimbia, ndani ya begin() inayowasha kioo, kwa hiyo IDE (programu unayoandikia kodi) inaripoti kana kwamba karibu nusu ya RAM iko wazi. Onyo lake hutoka tu vigeu vya kudumu vikipita asilimia 75. Basi angalia jibu la begin(): ikirudisha false, nafasi imekosekana. Usipoangalia, programu inachora kuanzia anwani 0, na kwenye chipu hii anwani 0 ndiko ziliko rejista za prosesa yenyewe. Hapo bodi inaweza kujiwasha upya kila sekunde, au kunyamaza kabisa.

Dawa kubwa ni kuacha kushika picha nzima. Maktaba ya U8g2 inakuruhusu kuchora kwa vipande: chagua konstrakta (mstari unaotangaza kioo) yenye _1_ kwenye jina (U8G2_SSD1306_128X64_NONAME_1_HW_I2C) nayo itatumia baiti 128 badala ya 1,024. Inapitia michoro yako mara 8, kila mara ukanda mmoja wa nukta 8, kati ya firstPage() na nextPage(). Inachelewa kidogo, lakini joto la mayai halibadiliki kwa kasi ya kukusumbua. Tahadhari moja: soma sensa kabla ya kitanzi hicho, kamwe si ndani yake. Ukisoma ndani, thamani ikibadilika katikati utaona tarakimu yenye kichwa cha 5 na miguu ya 6. Kama unahitaji maandishi tu, U8x8 haina bafa ya picha kabisa. Inakupa mistari 8 ya herufi 16.

Halafu maandishi. Kila sentensi iliyo ndani ya alama za nukuu hunakiliwa kutoka flashi kwenda RAM bodi inapowaka, na inakaa humo mpaka uzime. "Joto la ndani limezidi kiwango" ni baiti 31. Andika Serial.println(F("Joto la ndani limezidi kiwango")) na itabaki kwenye flashi.

String yenye S kubwa mimi naikataa kabisa kwenye Uno. Kila unapoongeza neno kwa + inaomba nafasi mpya na kuacha tundu nyuma, na baada ya saa kadhaa nafasi ipo lakini imekatikakatika. Tumia char mstari[24] na snprintf. Ila %f, ya kuchapisha desimali, haifanyi kazi hapo. Inatoa alama ya kuuliza.

Kwa hiyo usishike joto kama desimali. Nyuzi 37.5 ziandike 375 kwenye int16_t, baiti 2 badala ya 4, kisha uchapishe kwa %d.%d ukitumia /10 na %10. Unyevu unatosha kwenye uint8_t. Mtego uko kwenye wastani: int ya Uno inaishia 32,767, na ukijumlisha 375 mara 88 umeshapita, wastani unageuka hasi. Jumla iwe long.

Vipimo vya siku nzima usijaribu kuvilimbikiza. Kimoja kila dakika, baiti 3 kila kimoja, ni baiti 4,320 kwa siku, mara mbili ya RAM yote. Andika mstari kwenye kadi papo hapo, kisha flush() ili uhifadhiwe kadini. Zile 512 za SD tayari ni bafa, huna haja ya kujenga nyingine. Ukitaka kuonyesha kiwango cha chini na cha juu cha kila saa, saa 24 zinakula baiti 96 tu.

Mipangilio, kama joto unalolenga, iweke EEPROM, memori ndogo ya chipu isiyofutika umeme ukizimwa. Vipimo usiviweke huko: kila seli imehakikishiwa kuandikwa mara 100,000, na kuandika palepale kila dakika kunafikisha idadi hiyo ndani ya siku 70.

Kujua kilichobaki:

int baki() {
  extern int __heap_start, *__brkval;
  int v;
  return (int)&v - (__brkval == 0 ? (int)&__heap_start : (int)__brkval);
}

Iite ndani ya fanksheni iliyo chini kabisa, ile inayoitwa na nyingine, si mwanzoni mwa setup(), maana huko staki bado ni fupi na namba inakudanganya. Mimi sikubali chini ya 200. Namba ikizidi kushuka saa baada ya saa, tafuta String iliyojificha, na usisahau kukagua ndani ya maktaba ya sensa uliyopakua.