Weusi unarekebishika, pembe hairekebishiki

Jana mwanafunzi ninayemwelekeza aliniita kwenye skrini ya eksirei ya meno: "Dada, njoo uone, hii imetoka safi!" Kweli, weusi wa picha ulikuwa umekaa sawa, na enameli (ganda gumu la nje la jino) ilijitenga vizuri na dentini iliyo chini yake. Lakini ilikuwa baitiwingi, ile picha ambayo mgonjwa hung'ata kishikio ili magego ya juu na ya chini yaonekane pamoja, na meno yalikuwa yamepandana kama vigae. Ule mstari mwembamba mweusi kati ya jino na jino haukuwepo. Na hapo yanapogusana ndipo tunapotafuta kutoboka kunakoanza.

Picha ikiwa nyeusi au nyeupe kidogo, kompyuta itasaidia (ingawa mionzi ikipungua mno utabaki na chengachenga tu). Pembe ikikosewa, hakuna kitufe cha kuirudisha. Mionzi ikija kwa ubavu, meno yanapandana. Koni, yaani bomba linaloelekeza mionzi, ikisimama mno, mizizi inafupika. Ikilala mno, inarefuka kama ya jino jingine kabisa. Koni isipofunika sensa yote, kile kibamba cha mdomoni kinachopokea picha, upande mmoja unabaki mweupe. Mgonjwa akitikisika, ukali wa picha unapotea.

Linaloniuma zaidi ni ncha ya mzizi kukatwa kwenye picha, kwa sababu nimewahi kurudia gego moja la chini mara tatu. Picha ya mzizi inatakiwa kuonyesha hata milimita 2 au 3 za mfupa baada ya ncha. Mimi, kwa kuogopa kumwumiza yule mama, niliiacha sensa juu juu. Akapata mionzi mara tatu kwa huruma yangu. Siku hizi naisogeza sensa kuelekea ulimi, mbali na fizi, kisha namwomba mgonjwa ang'ate polepole. Anapofunga mdomo, misuli ya chini ya ulimi inalegea na sensa inashuka yenyewe.

Daktari alikubali ile ya jana irudiwe. Nikamwambia mwanafunzi wangu asiangalie mashine, aangalie meno ya mtu aliye mbele yake: mguso wa magego umeelekea wapi? Akasogeza koni kidogo sana, kuelekea mbele ya uso. Safari hii mistari ikafunguka, na ubavuni mwa gego la kwanza kikaonekana kijipembetatu cheusi ndani ya enameli, ncha yake imeelekea ndani. Aliitazama picha ya kwanza tena, akanyamaza.