Herufi 22 Ubaoni

Oktoba 2024 Dodoma ilikuwa kwenye joto lake la kabla ya mvua. Ukifunga madirisha ya darasa mnakosa hewa, ukiyaacha wazi mnakula vumbi. Nilikuwa na kidato cha sita, baiolojia, kipindi cha mwisho. Somo hufundishwa kwa Kiingereza, lakini joto lile lilitaka Kiswahili.

Jana yake, tarehe 7, Victor Ambros na Gary Ruvkun wa Marekani walikuwa wametangazwa washindi wa Nobel ya tiba kwa kugundua mikroRNA, vipande vifupi sana vya RNA, molekuli iliyo jamaa ya DNA. Tuzo sikuitaja. Nikaandika ubaoni: UGAGGUAGUAGGUUGUAUAGUU.

"Hesabuni."

"22, Mwalimu."

Nikawaambia kila herufi ni kijenzi kimoja cha mikroRNA iitwayo let-7, na haitengenezi protini yoyote. Kazi yake ni kuzinasa nakala za RNA zilizokwisha kutoka kwenye kiini cha seli zikiwa na maelekezo ya protini. Nikazungushia duara herufi ya pili hadi ya nane, nikamwita binti wa dawati la mbele aandike chini yake zinazopatana nazo. A kwa U, G kwa C. Akashuka nazo bila kusita: CUCCAUC. Nakala yenye mfuatano huo mkiani hushikwa hapo, mikroRNA ikiwa imebebwa na protini ya Argonaute. Ikishikwa, ribosomu, viwanda vya protini vya seli, hazitoi protini ya kutosha, au nakala yenyewe huvunjwa mapema.

"Kwa hiyo kibali cha ujenzi kimeshasainiwa, halafu karani anakikalia?" akauliza kijana wa nyuma.

Darasa likaangua kicheko. Dodoma ya sasa nani hana ndugu anayefuatilia kiwanja? Mfano nikaukubali, ila karani huyu mmoja hukalia vibali vya mamia ya jeni, na mara nyingi hupunguza tu, hazuii kabisa.

Kisha nikawapa habari ya mnyoo. MikroRNA ya kwanza kujulikana, lin-4, ilielezwa mwaka 1993 kutoka kwa C. elegans, mnyoo wa milimita moja hivi. Wengi wakaona hayo ni mambo ya minyoo tu. Mwaka 2000 let-7 ikakutwa kwa wanyama wengi, binadamu akiwemo.

"Hizi hizi za ubaoni?" binti akauliza.

"Herufi kwa herufi."

Akazihesabu upya kwa kidole. "Sasa Mwalimu, moyo na ngozi vina DNA moja. MikroRNA ndizo zinazovitofautisha?"

Kwa sehemu, nikamjibu. Kabla ya karani yupo anayeamua kibali kipi kiandikwe: protini zinazowasha na kuzima jeni ndani ya kiini. Nikafuta nusu ya ubao, tukaanza na hizo.