Siku moja na picha 23 za baba

Saa 11:40 alfajiri. Mvua ya Bukoba imenyesha usiku kucha. Kabla sijanawa uso napapasa boksi lililo juu ya kabati. Kavu. Baba alifariki mwaka jana, akaacha picha 23 za Vita vya Kagera, vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, kwenye albamu ya zile kurasa za gundi zenye nailoni juu. Gundi imekuwa njano, na unyevu wa ziwa umeota ukungu pembeni.

Saa 2 asubuhi. Nafungua stesheneri yangu karibu na stendi. Kopi za vyeti, pasipoti saizi, ratiba ya mazishi nakala 60 za haraka. Dada mmoja anataka picha ya harusi ya bibi yake iwekwe laminesheni. Namkatalia: ile plastiki ikishashikana kwa moto haibanduki tena, na picha itafia humo. Ananuna, anakwenda duka la pili.

Saa 5. Wateja wamepungua, natoa albamu. Picha zilizoganda nazibandua kwa uzi wa kusafishia meno, naupitisha chini yake polepole kama mtu anayekata sabuni ya mche. Ikigoma naiacha, naiskani na ukurasa wake. Kila picha dpi 600, yaani nukta 600 kwa inchi, naihifadhi kwa TIFF, faili lisilopunguza ubora, mbele na nyuma. Nyuma ndiko baba alikoandika kwa Biki: "Kyaka". "Mutukula, Jan. 79". Wino umepenya hadi upande wa pili na kuchafua mawingu, lakini bila wino huo ningekuwa na vijana wenye bunduki tu, wa popote.

Ya Kyaka amesimama ukingoni mwa mto Kagera, nyuma yake vyuma vya daraja lililolipuliwa na askari wa Amin Novemba 1978. Mwembamba! Huyu si baba niliyemjua mimi, mwenye kitambi na redio.

Halafu ile inayonikera. Studio, Kampala, miezi michache baada ya mji kuanguka Aprili 11, 1979. Pazia la maua, kofia imeinamishwa, mkono wa kushoto umenyanyuliwa ili saa ionekane. Nyumbani hatukuwahi kuiona saa hiyo. Maneno yaliyosemwa kuhusu askari wetu kupora saa Kampala nimeyasikia tangu utotoni. Nilikuwa na miaka mingi ya kumuuliza. Sikumuuliza.

Saa 7 mchana. Mdogo wangu yuko Dar, anatuma kwa WhatsApp picha ya Kyaka aliyoipitisha kwenye programu ya kutia rangi. "Dada, ona baba alivyong'aa!" Kweli ameng'aa. Kovu la kidevuni limefutwa, meno yamepangwa, vyuma vya daraja vimekuwa miti. Namjibu kwamba huyo ni mjomba wa mtu mwingine. Nakala za kuchezea acheze, za asili haziguswi.

Saa 9. Mzee aliyekuwa kikosi kimoja na baba anaingia taratibu na mkongojo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Haya, lete hao wafu wangu."

Namwekea ile ya Lukaya, Uganda, Machi 1979: vijana wanne juu ya lori, barabara inayokatiza kinamasi nyuma yao. Baba hakuandika majina. Mzee anaishika kwa kingo, sikumfundisha, ananyamaza mpaka mteja wa kopi anakata tamaa na kuondoka. Yeye ni wa pili. Baba ni wa nne. Wa tatu alirudi kwao Dodoma. Wa kwanza hakutoka Lukaya, siku ile ya Walibya waliokuja kumsaidia Amin.

"Jina lake?"

"Limenitoka. Tulimwita Kibatari. Alikuwa halali usingizi."

Kisha anatoa bahasha mfukoni: picha yake mwenyewe ya studio. Pazia lilelile la maua. Mkono wa kushoto juu. Naziweka mbili pamoja kwenye skana na kuzikuza: saa ni ileile, kioo kina ufa uleule karibu na tatu.

Mzee anacheka hadi anakohoa. "Ya mpiga picha hiyo! Alikuwa nayo moja, na tai moja. Baba yako tai aliikataa."

Natoka nje kidogo, nasingizia simu.

Saa 1 usiku. Umeme ulikatika ukarudi. Nakala ya kwanza iko kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje, ya tatu itapanda basi kesho kwa dada yangu Mwanza. Picha zenyewe naziingiza kila moja kwenye bahasha yake ya karatasi, plastiki hapana. Juu ya bahasha ya Lukaya naandika kwa penseli laini kabla picha haijaingia: "Kushoto: Kibatari. Jina linatafutwa."