Hesabu kabla ya kamba: nilivyojifunza kazi ya riga

Nilipoingia kwenye kazi ya riga, yaani mfungaji wa mizigo inayonyanyuliwa na kreni, kwenye saiti ya ghorofa Dar es Salaam, nilidhani kinachotakiwa ni mikono yenye nguvu na moyo usioogopa urefu. Vyote viwili vina nafasi yake. Lakini kilichonifikisha mahali pa kuachiwa mzigo niufunge bila kusimamiwa ni daftari, kalamu na futi ya kupimia. Kwa anayeanza leo, haya ndiyo mambo niliyolazimika kuyashika, na hesabu zake.

Nilianzia stoo, na nashauri kila mtu aanzie huko. Stoo ndiko unakojua vifaa kabla havijaning'inia juu ya vichwa vya watu. Belti za kunyanyulia zina rangi zinazotaja uwezo, kwa viwango vya Ulaya ambavyo ndivyo nilivyokutana navyo zaidi: zambarau tani 1, kijani tani 2, njano tani 3, kijivu tani 4, nyekundu tani 5, kahawia tani 6, buluu tani 8, chungwa tani 10. Rangi inakusaidia kuchagua haraka, ila anayeamua ni lebo. Belti isiyo na lebo haitumiki hata kama inaonekana mpya, na lebo iliyofutika isisomeke ni sawa na lebo isiyokuwepo.

Kwenye lebo hiyo hiyo kuna jambo ambalo wengi hawaliangalii. Lebo ya buluu inamaanisha belti ni ya polista, ya kijani ni nailoni. Polista inavumilia asidi lakini inaharibiwa na alkali, na zege bichi ni alkali. Belti ya polista iliyoachwa siku nzima kwenye maji ya saruji inaoza kidogo kidogo bila kuonyesha jeraha. Ndiyo maana kila jioni belti zinasuuzwa kwa maji safi na kutundikwa kivulini, kwa sababu jua kali nalo linazidhoofisha.

Baada ya stoo, uzito. Usikubali kufunga mzigo ambao hujui uzito wake, na usikubali jibu la "kama tani mbili hivi". Namba nilizoandika kwenye jalada la ndani la daftari ni chache: zege lenye nondo kilo 2,500 kwa mita moja ya ujazo, chuma kilo 7,850, maji kilo 1,000. Bamba la chuma lenye unene wa milimita 1 na eneo la mita moja ya mraba lina kilo 7.85, kwa hiyo bamba la milimita 8 lina takriban kilo 63 kwa kila mita ya mraba. Nondo: zidisha kipenyo kwa kipenyo, kwa milimita, ugawe kwa 162, unapata kilo kwa kila mita. Nondo ya 16 inatoa 1.58. Yenye urefu wa mita 12 ina kilo 19.

Ukuta wa zege uliomwagwa chini, mita 3 kwa 2.5 na unene wa sentimita 15, una mita za ujazo 1.125, yaani zaidi ya kilo 2,800. Kwa macho unaonekana mwepesi. Ndoo ya zege ya nusu mita ya ujazo ina kilo 1,200 za zege peke yake, bila nondo. Ongeza uzito wa ndoo yenyewe. Silingi (belti, kamba au mnyororo wa kunyanyulia), shakeli (pingu ya chuma yenye pini, ya kuunganishia) na ndoano ya kreni navyo vinahesabiwa kwenye jedwali la uwezo wa kreni, si mzigo tu. Kuna na uzito uliojificha: tangi lililobaki na maji, fomu (kalibu ya kumwagia zege) iliyong'ang'aniwa na zege, mashine ambayo bolti moja ya chini haijafunguliwa. Kreni haitumiki kung'oa. Kitu kikikwama na opareta akaendelea kuvuta, siku kinapoachia kinaruka, na mkono wa kreni unarudi nyuma kwa kishindo.

Sasa pembe, somo lililonichukua muda mrefu kuliko yote. Silingi mbili zikining'inia wima kabisa, kila moja inabeba nusu. Zikianza kulala, kila moja inabeba zaidi ya nusu, ingawa mzigo haujaongezeka hata gramu. Nyuzi 60 kutoka usawa wa mzigo, zidisha ile nusu kwa 1.155. Nyuzi 45, kwa 1.414. Nyuzi 30, kwa 2, maana yake kila mguu, yaani kila silingi moja, unabeba uzito wote wa mzigo. Chini ya nyuzi 30 sinyanyui.

Huhitaji kifaa cha kupimia pembe. Pima urefu wa mguu wa silingi, pima kimo kutoka usawa wa mzigo hadi ndoano, gawa urefu kwa kimo. Jibu ndilo la kuzidishia. Njia ya haraka zaidi: kama urefu wa kila mguu ni sawa na umbali kati ya sehemu mbili ulizofunga, uko kwenye nyuzi 60. Mguu ukiwa mfupi kuliko umbali huo, simama uhesabu.

Angalia pia pembe yako inapimwa kutoka wapi. Chati nyingi zinapima kutoka usawa, lakini lebo za minyororo ya viwango vya Ulaya zinapima kutoka kwenye timazi, yaani mstari wa wima. Mnyororo wa milimita 8, gredi 80 (daraja la nguvu ya chuma chake), wenye miguu miwili, lebo yake inasema tani 2.8 kwa 0 hadi 45, na tani 2 kwa 45 hadi 60. Hizo 60 ni kutoka kwenye timazi. Kutoka usawa ni 30 tu. Mwanafunzi anayesoma 60 hapo akadhani ndiyo pembe salama ya kwenye chati amegeuza hesabu juu chini. Na silingi ya miguu minne kwenye mzigo mgumu usiopinda, hesabu kwamba miguu miwili ndiyo inayobeba, kwa sababu urefu ukitofautiana kidogo tu, miwili mingine inalegea.

Mfano ambao nauonyesha kila anayeanza ni bunda la nondo za 16, vipande 100, mita 12. Uzito ni kilo 1,900. Nafunga silingi mbili za kamba ya chuma, kila moja robo ya urefu kutoka mwisho, yaani mita 3 kila upande, na katikati zinabaki mita 6. Kila silingi inazungushwa bunda mara mbili ndipo inajikaba, yaani inapita kwenye jicho lake yenyewe na kubana kama kitanzi; hapo inapobana ndipo kikabo. Mzunguko mmoja unashika pande tatu tu, na nondo za katikati zinachomoka kama sindano bunda likiinama. Ule waya mwembamba uliofungia bunda kutoka kiwandani si wa kunyanyulia, hata kwa hatua mbili.

Miguu ikiwa na mita 6 baada ya kuzungusha, kila mmoja unabeba 950 mara 1.155, takriban kilo 1,100. Silingi inayojikaba inapoteza uwezo. Mimi nahesabu inabaki na asilimia 75. Gawa 1,100 kwa 0.75, unapata kama kilo 1,470. Silingi za tani 2 zinatosha. Sasa chukua silingi hizo hizo za tani 2, lakini za mita 4. Kimo kinashuka hadi mita 2.65, kizidisho kinakuwa 1.51, na ukigawa kwa 0.75 unafika kilo 1,900. Umekaribia ukingoni. Za mita 3.5 zinakupeleka kwenye kilo 2,450, umeshapita uwezo. Bunda ni lile lile na lebo ni ile ile. Tena miguu mifupi inavuta vile vikabo kuelekea katikati, nondo zinaning'inia ncha, mzigo unaanza kucheza. Na ukiona mtu anagonga kikabo kwa nyundo ili kikaze, mzuie. Kikabo kikae chenyewe kinavyotaka. Ukikilazimisha unaongeza mkunjo na mzigo kwenye kamba.

Ukaguzi wa kamba ya chuma unafanywa kwa mkono na kitambaa. Vaa glavu, shika kitambaa cha pamba, kipitishe polepole urefu wote. Pale kinaponasa, kuna waya uliokatika. Weka alama kwa chaki, kisha hesabu ndani ya mzunguko mmoja wa uzi wa kamba, yaani kutoka uzi mmoja unapoonekana juu hadi unaporudi juu tena. Kwenye kamba ya milimita 16 ni kama sentimita 10. Kigezo nilichofundishwa: nyaya 10 zilizokatika ndani ya mzunguko huo, au 5 kwenye uzi mmoja, kamba inaondoka kazini. Inaondoka pia ikiwa imepinda kona isiyonyooka, imevimba kama kizimba cha ndege, imebonyezwa bapa, au imeguswa na cheche za kuchomelea. Kuiondoa ni kuikata vipande viwili siku hiyo hiyo. Ikiachwa nzima pembeni, kesho asubuhi mtu ataiokota.

Kwenye shakeli, mwili na pini ni ndugu. Pini ikipotea, shakeli imekufa. Bolti ya dukani inayoingia vizuri haina uwezo ule. Shakeli ya nusu inchi ni tani 2, ya robo tatu inchi ni tani 4.75, ya inchi moja ni tani 8.5, na namba hiyo lazima isomeke mwilini. Ukivuta kwa ubavu, nyuzi 90, unabaki na nusu. Unapokaba kwa shakeli, pini ikae ndani ya jicho la silingi, si upande wa kamba inayoteleza. Kamba ikiteleza juu ya pini inaifungua, zamu kwa zamu, huku wewe uko chini unaangalia mzigo. Mashine ya tifo, ile ya mkono ya kuvutia mzigo kwa kamba ya chuma, nayo ina pini ndogo zilizotengenezwa zikatike unapozidisha mzigo. Nimeona zimebadilishwa kwa msumari. Msumari haukatiki, kwa hiyo kinachokatika ni kingine.

Ishara za mkono nilizijifunza ndani ya siku mbili. Redio ilinichukua zaidi, kwa sababu Kiswahili chetu cha kila siku kina maneno yanayodanganya opareta. "Juu" ni ndoano juu au mkono wa kreni juu? "Lete" ni kutoka wapi kwenda wapi? Tulikubaliana kutaja kitu kwanza, kisha mwelekeo: "ndoano shusha", "mkono inua", "zunguka kulia", na kulia ni kwa opareta, siku zote. Mzigo ukiwa unatembea, mtoa ishara hanyamazi: "shusha, shusha, shusha, taratibu, mita moja, nusu, simama." Akinyamaza, opareta anasimama, maana huenda betri imekufa. Opareta akiwa Mchina au Mturuki asiye na Kiswahili, mnarudi kwenye mkono. Mtoa ishara ni mmoja tu, isipokuwa ishara ya kusimama: hiyo hata kibarua aliyefika leo akiitoa, kreni inasimama.

Kunyanyua kwenyewe ni kufupi kama maandalizi yamekamilika. Silingi zikazwe polepole, mikono yote itoke. Inua sentimita 20, simama. Hapo ndipo kitovu cha uzito kinajitambulisha: upande mmoja ukichelewa kupanda, shusha na ufunge upya, usitume mtu akae upande mwepesi. Kamba ya kuongozea isiwe na fundo mwishoni na isizungushwe mkononi. Fomu pana, mabati na kuta nyembamba ni tanga. Upepo ambao kreni inauruhusu kwa bunda la nondo unaweza kuwa mwingi mno kwa hivyo. Mahali pa kutua, mbao za sentimita 10 kwa 10 zipangwe kabla mzigo haujapaa, ili silingi zitoke kwa mkono. Kuzichomoa kwa kreni kutoka chini ya mzigo kunachana belti na kupindua bunda.

Kuhusu vyeti, soma kimeandikwa nini. Cheti cha mtoa ishara hakikupi ruhusa ya kufunga mzigo, na cha kufunga hakikufanyi opareta. Wanaokwenda Saudia kwa wakandarasi wa Aramco, kampuni ya mafuta ya huko, wajue kwamba ngazi zinahesabiwa kinyume na tulivyozoea: Riga III ndiyo ya kuanzia, mizigo hadi tani 10, II hadi tani 40, I ndiye mkubwa wao, anayehusika na mipango ya minyanyuo mizito. Nilipojiandaa kwa mitihani ya namna hii, niliacha kukariri majibu. Kila jioni nilichukua kitu kimoja saitini, tangi, bomba au ngazi ya zege, nikakipima kwa futi, nikaandika ujazo, uzito, urefu wa silingi, kizidisho na shakeli ninayoihitaji. Kisha nikangoja kipimo cha kreni kinisahihishe asubuhi kitu hicho kikinyanyuliwa. Nikiwa nimekosea zaidi ya asilimia 10, nilirudi kutafuta kosa, na mara nyingi lilikuwa kwenye unene: nilipima ukingo uliosawazishwa kwa plasta badala ya zege lenyewe.