Meltemi ilipotufungia bandari: jinsi tulivyoiokoa safari yetu ya meli

Bandari mbili tulizikosa mbingu ikiwa safi, bila wingu hata moja. Ningependa kila wanandoa wanaopanga kuzunguka Bahari ya Aegean kwa meli katikati ya kiangazi walijue hilo kabla ya jambo jingine lolote. Kinachowazuia watu kushuka huko si mvua wala radi, ni upepo. Jua linawaka, kisiwa mnakiona mbele yenu na nyumba zake nyeupe, na bado nahodha anatangaza kwamba hakuna atakayeshuka.

Wagiriki huuita upepo huo meltemi. Hutoka kaskazini, hasa Julai na Agosti, pale mgandamizo mkubwa wa hewa unapokaa juu ya nchi za Balkan na mgandamizo mdogo ukakaa juu ya Uturuki. Hewa inayokimbia kati ya pande hizo mbili hupita juu ya visiwa vyote vya Aegean. Meltemi inaweza kudumu siku kadhaa mfululizo. Hupata nguvu kuanzia mchana, na mara nyingi hulegea usiku. Ikifika nguvu ya 7 au 8 kwa kipimo cha Beaufort, upepo unavuma kilomita 50 hadi zaidi ya 60 kwa saa, na hapo ndipo ratiba za meli huanza kubadilika.

Likizo ya mume wangu iliangukia Julai na haikuwezekana kuisogeza. Tulikwenda tukijua, na maandalizi yetu tuliyafanya kwa kuuhesabu upepo kama abiria wa tatu.

Tulichofanya kabla ya kulipa ni kukaa na ratiba na kuuliza, bandari kwa bandari: hapa meli inafunga gatini, au inasimama nje na watu wanashushwa kwa mashua? Swali hilo wakala wa safari analijibu kwa dakika chache, na kwangu ni muhimu kuliko picha zote za vyumba na mabwawa ya kuogelea. Kuşadası nchini Uturuki, njia ya kwenda Efeso, ni gati. Rhodes ni gati. Heraklion kule Krete ni gati. Patmo, kwa meli ya ukubwa wa yetu, ni mashua. Santorini pia ni mashua, na haina njia nyingine: chini ya mji wa Fira ni shimo la volkano lililojaa maji, kina chake kinakaribia mita 400, na meli kubwa haina gati la kufungia.

Kisha kila mmoja wetu akasema bandari moja ambayo akiikosa ataumia. Mume wangu anapenda historia tangu ujana wake, akasema Efeso. Mimi nikasema Santorini. Tukaona palepale kwamba yake ilikuwa kwenye gati na yangu ilikuwa kwenye mashua. Hatukujifariji kwa maneno mengi. Alisema tu, “Basi, mke wangu, tujue kwamba yako ndiyo inayoweza kutuponyoka.” Mazungumzo hayo mafupi yalitusaidia kuliko kitu chochote tulichopakia mizigoni, kwa sababu lilipotokea hatukuwa na wa kulaumiana naye.

Kisiwa cha Mykonos kilituponyoka mapema. Tulifika asubuhi upepo ukiwa tayari mkali. Nahodha alijaribu kukaribia, meli ikageuka taratibu, ikasita, ikarudi nje. Meli ya utalii ina ubavu mrefu wa vyumba na roshani, ghorofa juu ya ghorofa, na upepo ukiupiga ubavu huo huisukuma meli nzima kama tanga. Ina mitambo ya kuisukuma kwa pembeni wakati wa kufunga, lakini mitambo hiyo ina kikomo chake. Wapo abiria waliokwenda mapokezi kugomba. Sisi tulikuwa tumesoma masharti ya tiketi: nahodha ana haki ya kuiruka bandari au kuibadilisha kwa ajili ya usalama, na kampuni haidaiwi kulipa fidia kwa hilo. Nilimwonea huruma kijana wa mapokezi aliyekuwa akilisikiliza lalamiko lile lile kutoka kwa kila mtu.

Mtihani wenyewe ulikuja mchana, tulipotoka kwenye kivuli cha visiwa. Meli ilianza kwenda mrama. Mabwawa ya kuogelea yalimwagwa maji na kufunikwa nyavu, milango ya sitaha za juu ikafungwa, na kwenye ngazi watu walitembea wameshika vyuma. Mimi nina kichwa chepesi baharini, kwa hiyo hapa nieleze kwa kirefu, maana najua wapo watu wanaoacha safari za namna hii kwa hofu ya kichefuchefu tu.

Kichefuchefu cha bahari hutokea pale sikio la ndani linapohisi mwendo ambao macho hayauoni. Ukiwa chumbani, kuta zimetulia machoni pako huku mwili unainuka na kushuka, na ubongo unapata taarifa mbili zisizopatana. Ndiyo maana tulichagua chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini. Pale mwendo ni mdogo kuliko kwenye omo, tezi au ghorofa za juu, hata kama mandhari yake si ya kusifiwa. Meli za kisasa zina mapezi chini ya maji yanayopunguza mrama, yaani kule kulala ubavu huku na huku. Lakini omo linapopanda na kushuka kwenye mawimbi ya mbele, mapezi hayo hayasaidii sana.

Dawa nilimeza asubuhi, kabla mawimbi hayajaanza. Nasisitiza hilo. Vidonge vya meklizini au dimenhidrineti hufanya kazi vizuri vikitangulia; ukingoja mpaka tumbo limechafuka, unaweza kuvitapika kabla havijafanya lolote. Hulevya usingizi, na si kila mtu anafaa kuvitumia, kwa hiyo nilikuwa nimemwuliza daktari wangu mapema na kutaja dawa nyingine ninazotumia. Baada ya hapo mume wangu alinipeleka ukumbi wa katikati wenye madirisha makubwa, tukaketi nikitazama mstari ambapo bahari inakutana na mbingu. Simu niliiweka mkobani. Kusoma maandishi madogo wakati ule ni kujitafutia balaa. Mhudumu alituletea tofaa za kijani na biskuti kavu, tangawizi tulikuwa nayo wenyewe, nikala kidogo kidogo. Watu wengi husema mtu asile kabisa. Kwangu tumbo tupu huniangusha haraka zaidi.

Mume wangu hapati kichefuchefu hata kidogo, na jioni ile kulikuwa na muziki alioungoja kwa hamu. Nilimwambia aende. Alikataa, nikamwambia tena, akaenda. Naona jambo hili limewashinda wanandoa wengi: yule mzima hukaa chumbani kwa heshima, yule mgonjwa hujiona mzigo, na wote wawili hulala wamenuna. Mimi nililala usingizi mzito wa dawa. Alirudi amechangamka, akanisimulia wimbo kwa wimbo.

Kesho yake tuliingia Kuşadası mapema kuliko ilivyopangwa, kwa kuwa Mykonos haikutupotezea muda. Saa zile za ziada nahodha alituachia tuzitumie Efeso, na mume wangu hakuipoteza hata dakika. Tulifika kabla ya makundi makubwa. Tulishuka barabara ya mawe ya marumaru mpaka maktaba ya Celsus, ile yenye nguzo za ghorofa mbili, tukapanda ukumbi wa maigizo ambao hukadiriwa ulichukua watu 25,000. Kilichomgusa zaidi ni bandari. Efeso ulikuwa mji wa bandari, na mto uliendelea kuleta tope karne baada ya karne mpaka bahari ikasogea kilomita kadhaa. Alisimama juu ya viti vile vya mawe akanionyesha barabara pana iliyokuwa ikielekea majini, ambayo sasa inaishia kwenye majani. Alizungumza kwa muda mrefu sana na mimi nilimsikiliza kwa furaha, kwa sababu uso wake ulikuwa uso niliokuwa nimesafiri kuuona.

Patmo tulishuka, kwa kuwa bandari yake ya Skala imejificha ndani ya ghuba na tulifika alfajiri upepo ukiwa bado umelala. Tulipanda mpaka pango ambalo mapokeo yanasema Yohana aliandikia Ufunuo, kisha kwenye monasteri iliyoanzishwa mwaka 1088 juu ya kilima. Mashua ya mwisho kurudi melini ilirushwarushwa kiasi kwamba mabaharia wawili walimshika kila abiria mikono na kumwambia avuke pale tu mashua ilipolingana na mlango wa meli. Ukiona hatua ile moja kwa macho yako, hutauliza tena kwa nini nahodha anakataa. Mtu mwenye goti bovu akikosea sekunde moja, mguu unabanwa.

Rhodes na Krete zilikwenda vizuri. Mji mkongwe wa Rhodes umezungukwa na kuta za mawe, na vichochoro vyake vinakukinga na upepo hata siku mbaya, jambo ambalo mtu akilijua anaweza kulitumia.

Kisha ikaja Santorini. Usiku kabla yake niliangalia utabiri wa upepo kwenye simu na nikajua. Mume wangu naye alijua, na hakuniambia “usijali, labda itatulia.” Asubuhi nahodha alitangaza kwamba mashua hazitaweza kufanya kazi, na kwamba hata gari la kamba linalopandisha watu kutoka bandari ya chini hadi Fira halifanyi kazi kwa sababu ya upepo. Nililia. Sikuficha. Mume wangu aliketi kando yangu kitandani na hakujaribu kunipa upande mzuri wa jambo hilo, hakutaja wenye shida kubwa zaidi, hakusema tutarudi. Alikaa tu mpaka nilipomaliza. Sina maneno ya kueleza jinsi nilivyomshukuru kwa kunyamaza kule.

Baada ya hapo aliuliza, “Unataka tufanye nini na leo?” Nilisema nataka kuiona hata kwa mbali. Nahodha alikuwa ameamua kuingia na meli ndani ya shimo lile na kuzunguka polepole kabla ya kuondoka, kwa hiyo tulivaa makoti, tukauliza mhudumu ni upande upi usiopigwa na upepo, tukaenda huko kabla watu hawajajaa. Miamba ile inapanda wima kutoka majini, mistari myeusi, myekundu na ya kijivu, matabaka yaliyowekwa na milipuko mbalimbali. Mlipuko mkubwa unaojulikana zaidi ulitokea takriban miaka 3,600 iliyopita. Fira ilikuwa juu kabisa, nyeupe kama chumvi iliyomwagika, na ngazi zikishuka kwa zigizaga hadi chini. Watalii walioshuka huona miamba hiyo kutoka juu. Mimi niliiona nzima kutoka ndani. Ilikuwa kidogo kuliko nilichotaka, na ilikuwa kitu kikubwa. Yote mawili ni kweli.

Upande wa fedha ulikwenda hivi. Ada za bandari za Mykonos na Santorini zilirudishwa kwenye akaunti ya chumba chetu bila kuomba. Matembezi tuliyonunua melini yalirejeshwa yote. Dereva wa Santorini tulikuwa tumempata wenyewe nje ya meli, na tulimchagua kwa sharti moja: meli isipofika, hatumlipi, tulimwandikia asubuhi hiyo hiyo, akatujibu kwa upole. Bima yetu ya safari ilikuwa na kifungu cha bandari zilizorukwa, si bima zote zina kifungu hicho, na ili kudai tulihitaji barua ya meli inayotaja bandari, tarehe na sababu. Barua hiyo iombwe mapokezi kabla ya kushuka mara ya mwisho. Kuipata ukiwa ardhini ni kuandikiana barua pepe kwa wiki nyingi.

Kwa sasa tumeshika nafasi nyingine, mwisho wa Septemba, wakati meltemi huwa imepungua. Safari hii si ya meli ya kuzunguka. Tutafika Santorini kwa ndege na kulala huko, na mume wangu ameshaanza kusoma habari za Akrotiri, mji wa kale uliofunikwa na majivu ya mlipuko ule.