Mnada wa Mavuno

Akina baba wa mtaa wetu wa kanisa, kule Machame, Kilimanjaro, walijua kutoweka baada ya ibada. Kwaya ikitoka na wimbo, tunafuata, tunazunguka duara nje. Sala ya kufunga ikifika "Amina", ukigeuka unaona migongo ya makoti tu ikipotelea kwenye migomba. Akina mama wanabaki hadi saa nane, wanapanga zamu za kumwangalia mgonjwa, wanaulizana habari za watoto walioko Dar.

Mchungaji alijaribu chai: chupa, mandazi, viti vimepangwa duara ukumbini. Waliokuja waliulizana kuhusu mvua, wakanywa, wakaaga. Mimi nilikuwa karani wa wazee wa kanisa, na hadi leo nasema viti vile ndivyo vilivyowafukuza. Mwanamume umkalishe uso kwa uso na mwenzake, hakuna kesi wala posa, atasema nini?

Ikaja Jumapili ya Mavuno. Mama aliyezoea kunadi sadaka za mazao alikuwa amesafiri. Mzee wa kanisa akamfuata mwalimu mmoja mstaafu, ambaye tangu afiwe na mkewe alikuwa wa kwanza kuondoka, akamtia jogoo mikononi. "Mwalimu, hebu tunadie huyu."

Jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa ganda kavu la mgomba. Mwalimu akambana kwapani, akakohoa.

"Elfu tano."

"Mwalimu, huyo yuko darasa la ngapi?" mtu akadakia nyuma.

"Amerudia la saba. Elfu sita nani?"

Watu wakaangua kicheko. Aliyemnunua akasema, "Namrudisha, auzwe tena," kama desturi ilivyo, na jogoo akaingia mnadani upya.

Mwisho ukaja mkungu wa mshare, ndizi za kupika, mkubwa, bei yake imepanda hadi hakuna mtu peke yake aliyeuweza. Akina baba wanne wakachangishana, mwalimu akiwamo. Sasa kuugawa! Panga likaletwa, makoti yakavuliwa, wakainama wakibishania vichane: vya juu vinene, vya chini vyembamba, nani achukue vipi. Wengine wakasogea kuamua ugomvi usiowahusu.

"Wewe mwalimu, hizi nani atakupikia?"

"Napika mwenyewe. Mtori wangu lakini unaganda, mwiko unasimama."

"Supu unaimwaga?"

"Naimwaga."

Kelele zilizopigwa hapo! Supu ya nyama ndiyo ya kulainishia ndizi ukishaziponda, wakamweleza, kila mmoja na kipimo chake, mafundi seremala na madereva wa lori wakibishana habari za sufuria. Akina mama waliondoka wakatuacha pale.

Yule mama aliporudi safari alikuta nafasi yake imechukuliwa, akanuna. Alikuwa na haki: mwalimu hakuwa na sauti, na makusanyo yalishuka. Tuliliweka kwenye ajenda ya kikao cha wazee, tukaamua yashuke tu.