Fomu za Marekani na ndugu zetu waliotoka Nyarugusu

Ujiji mteja akiingia dukani na Kibembe chake, mara nyingi muuzaji atamjibu kwa Kibembe. Akifuata Muha, lugha inageuka hapo hapo. Ndugu waliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, kwenda Marekani wamekulia katika mazoea hayo. Kule nako watu wamechanganyika, maana karibu mtu mmoja kati ya watano nyumbani kwake anazungumza lugha isiyo Kiingereza, ila mchanganyiko wao unaendeshwa kwa karatasi. Usipoandika, wanachukulia huna shida. Mpango wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa Januari 2025, kwa hiyo haya yanawahusu zaidi waliokwisha fika, wale wanaopiga simu Kasulu usiku kuuliza wafanyeje.

Hospitali ndiko kwenye hatari kubwa. Machi 2025 Rais Trump alitia saini amri ya kukifanya Kiingereza lugha rasmi, na uvumi ukaenea kwamba wakalimani wamefutwa. Amri ya rais haifuti sheria ya Bunge. Kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya mwaka 2010 kinaitaka hospitali inayopokea fedha za serikali kuu impatie mgonjwa mkalimani bila malipo. Mkalimani aombwe siku ya kupanga miadi, siyo mgonjwa akishafika mapokezi.

Na itajwe lugha yenyewe. Mama wa Fizi, Kongo, anayejua Kibembe na Kiswahili cha kuokoteza akiandikiwa "Kiswahili", mkalimani atakayepewa kwa simu labda ni mtu wa Mombasa. Kwa adabu zetu ataitikia "ndiyo, ndiyo" mpaka mwisho, kisha atatoka na chupa ya dawa asijue anywe vidonge vingapi. Kumkatalia mkalimani si utovu wa adabu. Unasema humwelewi, wanatafuta mwingine. Wakalimani wa Kibembe na Kifuliiru, lugha za Kongo mashariki, hupatikana kwa shida, ndiyo sababu waambiwe mapema. Kabla simu haijakatwa, mgonjwa arudie mwenyewe kipimo cha dawa, mkalimani amfasirie nesi, nesi athibitishe. Mtoto asifanywe mkalimani: sheria hairuhusu aliye chini ya miaka 18 isipokuwa kwenye dharura, tena hakuna kijana wa miaka 12 atakayemfasiria mama yake mambo ya uzazi bila kuruka nusu.

Saa nazo zimewakosesha wengi miadi. Mkalimani mmoja akisema "saa mbili" ana maana ya asubuhi, mwingine anasoma tarakimu 2 iliyo kwenye karatasi, yaani saa nane mchana. Omba iandikwe, pamoja na AM au PM. Tarehe wao wanaanza na mwezi: 04/05 ni tarehe 5 Aprili.

Shuleni, siku ya kuandikisha mtoto, mzazi hupewa karatasi inayouliza lugha ya nyumbani. Wapo wanaojaza Kiingereza wakiogopa mtoto atarudishwa darasa. Matokeo yake mtoto hapimwi, anakaa darasani akitazama midomo ya mwalimu, na baadaye anaitwa mzito. Ijazwe lugha inayosemwa jikoni. Shule ikimweka mtoto kwenye masomo ya kujifunza Kiingereza, inapaswa kumwarifu mzazi, naye ana haki ya kukataa. Kwa maoni yangu asikatae.

Dini ni habari nyingine. Katiba yao inaikataza serikali kuanzisha dini, na sensa haiulizi kabisa mtu anaabudu wapi. Minneapolis adhana tano zinaruhusiwa kwa kipaza sauti tangu 2023. Lakini Idd si sikukuu ya taifa, na kiwanda cha nyama hakijui Ijumaa wala Sabato mpaka kiambiwe. Wasabato wa Kasulu wanaumia hapa zaidi. Mtu anapewa zamu ya Jumamosi, ananyamaza, siku ikifika haendi. Anafukuzwa kwa utoro, na kwenye faili lake neno dini halimo, kwa hiyo hata wakili hana pa kushika.

Mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi anabanwa na sheria ya haki za kiraia ya 1964 kumpa mfanyakazi nafasi ya ibada, ila kama itamletea mzigo mkubwa. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika shauri la tarishi aliyekataa kazi za Jumapili, ilisema usumbufu mdogo hautoshi kuwa kisingizio. Barua fupi inatosha: tarehe, dini, saa zinazoombwa (Sabato, tangu Ijumaa jua linapozama), na pendekezo la kubadilishana zamu na mwenzake. Ipelekwe kabla ratiba haijatoka, nakala ibaki nyumbani. Wakikataa, malalamiko yafike tume ya serikali ya ajira ndani ya siku 180; katika majimbo mengi ni 300.

Wazee wanaogopa mtihani wa uraia kwa sababu ya Kiingereza. Mwenye miaka 55 aliyekaa na kadi ya ukaazi wa kudumu miaka 15, au mwenye 50 aliyekaa nayo 20, anasamehewa Kiingereza. Maswali ya historia na serikali atayajibu kwa lugha yake, akiwa na mkalimani aliyekwenda naye.